Tulivyolisindikiza Gari la Baba hadi Spring Valley

Majirani zangu, mliniona asubuhi ile nikitoka langoni na gari la marehemu baba, jioni mkaniona nikirudi nalo, na tangu hapo sipiti mahali bila kuulizwa kulikoni. Nimeeleza dukani. Nimeeleza kwa kinyozi, nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa. Nimeeleza nje ya kanisa nikiwa na njaa. Sasa naandika mara moja, msome wote, na mkimaliza mniache nipumzike. Mambo ya kitabu cha gari na sahihi nitayaruka kwa sababu hayana utamu wowote.

Dagoretti, langoni

Kwa mwenzetu ambaye hajawahi kuliona, ni lile gari la kizamani la mgongo wa kobe, injini iko nyuma, na halinywi maji. Linapozwa na upepo tu. Baba alipofariki lilibaki kwa mama, na kwa kuwa mama haendeshi, likabaki kwangu, yaani lawama zikawa zangu.

Ugonjwa wake ulikuwa mmoja. Asubuhi likiwa baridi linashika mara moja bila maneno. Likishatembea, ukalizima mahali, basi umekwisha. Stata inazungusha, inazungusha, injini haishiki. Watu wanakuja, wengine wanasukuma, wengine wanaomba, wengine wanafunua injini na kuitazama tu, na baadaye sana linashika ghafla, wewe unabaki kuonekana hujui kuendesha. Mafundi wote walisema ni joto. Gari la upepo, walisema, na upepo wa Nairobi kukiwa na jam mnaujua.

Mimi nina kagari kangu ka Kijapani. Gari la baba nalitoa tu mama anapokwenda kanisani, matangani au kliniki, kwa sababu anasema kagari kangu kanamkunja magoti. Kwa hiyo limeniaibisha nje ya makanisa, nje ya matanga na nje ya kliniki, mara nyingi mbele ya watu wale wale. Nilichoka jamani. Tena pale linapolala panatosha vyumba viwili vya kupangisha, na mawe ya kujengea nilikuwa nimeshaagiza.

Mnunuzi nilimpata Spring Valley, mstaafu aitwaye Mzee Wafula, anayekusanya magari ya kizamani. Kwenye simu alinipa sharti moja tu. Ataliwasha mwenyewe likiwa na moto, kwa sababu ameshauziwa magari yanayowaka asubuhi tu. Likikubali, linabaki kwake. Likikataa, nirudi nalo.

Mama hakubishana nami. Alisema atalisindikiza, akavaa gauni la kanisani na kitambaa cheupe, akaingia kiti cha nyuma upande wa kulia. Mama haketi mbele, hata kukiwa wazi. Miaka yote nilidhani ni maringo ya mke wa mwenye gari. Injini ikiwa imeshika, aliomba, maana kutoka nyumbani huomba yeye. Aliombea barabara, akaombea madereva walevi, akaombea wake za madereva walevi, nami nikawa natazama mshale wa petroli ukishuka.

Dagoretti hadi Jamhuri

Tulifika Jamhuri bila kisa, na hapo ndipo nilipofanya ujinga wa kuweka petroli. Nilimwomba yule dada wa pampu aniwekee injini ikiwa inanguruma. Akasema ni sheria, nizime. Nikamweleza hali ya mgonjwa. Akaniambia kwa upole sana kwamba gari ikilipuka hatapata mshahara wa mwezi huu. Nikazima.

Petroli ilipoingia nikageuza ufunguo. Stata ikazungusha, injini ikakaa kimya. Nyuma yangu kulikuwa na foleni inayofika barabarani, na mbele kabisa ya foleni kulikuwa na bwana mmoja mwenye gari refu jeusi, ambaye alipiga honi, akashuka, akaona gari ni la aina gani, akapata huruma. Huruma yake ilikuwa mbaya kuliko honi. Alichukua chupa ya maji kutoka kwenye gari lake, akafungua bonneti ya mbele kabla sijasema lolote, akakuta gurudumu la akiba na kapu la mama la nduma na chupa ya chai. Akainua kapu, akachungulia chini yake.

"Boss," akaniambia taratibu, "wamekuibia injini."

Nilimwonyesha injini iko nyuma. Akaenda nyuma na chupa yake, akazunguka akitafuta pa kumimina. Nilipomwambia halinywi maji aliona namdanganya, kwamba ninaficha mahali pa maji kwa kiburi. Mwishowe alikunywa yale maji mwenyewe na kusaidia kusukuma. Tulisukumwa hadi kando, mama akiwa ndani, mkoba magotini. Hata kwa kusukumwa halikushika.

Kando ya barabara kulikuwa na fundi, Ouko, mtu wa makamo mwenye ovaroli iliyokuwa ya buluu zamani. Nilimpenda kwa sababu hakuanza kwa kutabiri. Alichomoa waya wa plagi, akaushika karibu na chuma, akaniambia nizungushe. Hakuna cheche.

"Hakuna moto kabisa," akasema. "Hiyo ni koili, ndiyo inayotengeneza cheche. Ikipata joto inalala, ikipoa inaamka."

Basi nikawa na jibu. Hamjui raha ya kuambiwa jina la ugonjwa. Ouko alilowesha kitambaa, akakizungusha kwenye koili, akasema tungoje ipoe. Mama alitoa nduma na chai, akampa fundi kwanza, mimi nikapata kipande cha mwisho chenye nyuzi. Walizungumza habari za mvua na za wajukuu. Hatimaye Ouko alifuta mikono, akaweka kiganja juu ya injini, akainamisha kichwa kidogo. Alisema Baba wa mbinguni, mimi ni mkono tu, kazi ni yako, amina. Akaniashiria. Nikageuza ufunguo na injini ikashika mara moja.

Nilikisifu kile kitambaa hadi Ouko akaona haya. Aliniambia kitatufikisha mjini tu, niende River Road ninunue koili mpya kabla sijampelekea mtu gari la aibu.

Jamhuri hadi River Road

Ngong Road nzima sikuthubutu kuzima. Kwenye kila foleni watu waliniangalia mguu ukicheza kwenye mafuta. Mama alikuwa anaimba pole pole huko nyuma, nyimbo za kanisa za Kikuyu, ubeti wa kwanza tu, maana beti nyingine amezisahau.

River Road mnaijua, hapaendeshwi gari pale, hupenywa. Nilipata nafasi mbele ya kibanda cha chakula, baada ya kubembeleza sana. Niliacha injini ikinguruma, nikamwambia mama asiguse chochote, nikaenda kwa miguu kutafuta koili. Niliporudi nayo mkononi, gari lilikuwa kimya.

"Nimezima," mama akasema. Moshi ulikuwa unaingia kwa watu waliokuwa wakila. Alikuwa amejinyoosha kutoka nyuma akageuza ufunguo, na mwenye kibanda akamshukuru kwa kumtumia sahani mbili za chapati na madondo, yale maharagwe ya rojo. Nilifunga koili mpya mwenyewe, skrubu mbili na nyaya zake, jasho likinitoka, halafu nikageuza ufunguo. Zungu, zungu, zungu. Kimya.

Nikarudi dukani nikiwa nimevimba. Muuzaji hakugombana. Aliweka koili juu ya meza, akaiunganisha na betri yake, ikatoa cheche nene iliyonifanya nirudi nyuma.

"Koili ni mzima, mkubwa," akasema. "Mgonjwa ni gari yako."

Niliirudisha kwenye gari, nikakuta kikao kimekusanyika. Mwenye duka la uchapishaji alisema ni choki, ile ya kubana hewa. Mpakia mizigo alisema gari limezoea Dagoretti, mjini halipajui. Mama mmoja aliyekuwa akiuza vibanio vya nguo alisema, kwa uhakika wa daktari, kwamba petroli inachemka ndani ya bomba na kugeuka mvuke, na dawa yake ni vibanio vya mbao kwenye bomba, vinavuta joto. Niliuliza amejuaje. Akasema marehemu mumewe alikuwa na gari la aina hiyo hiyo. Niambieni, ningebishana na mjane katikati ya River Road? Nikanunua dazeni nzima, nikavipanga kwenye bomba la petroli. Tulikula chapati tukingoja vivute joto.

Shida ikawa nyingine. Pale nilipoegesha ndipo mhubiri wa mchana husimama na kipaza sauti chake, na alifika akanikuta nimeketi kwenye madhabahu yake nikimeza madondo. Nilimwambia ningependa sana kuondoka. Alilizunguka gari, akaona njia ya kupata nafasi yake ni moja tu, akaweka mkono juu ya paa, akawasha kipaza sauti. Ndugu zangu, aliliombea lile gari mtaa mzima ukasikia. Alikemea roho ya kusimama. Alikemea roho ya kuchelewa na roho ya kurudi nyuma, ingawa gia ya kurudi nyuma naihitaji. Watu walisema amina kwa pamoja. Nikageuza ufunguo kwa sababu wote walinitazama, na injini ikashika.

Pale pale umati uligawanyika. Nusu walimfuata mhubiri. Nusu walikwenda kwa mama wa vibanio, na nilipokuwa nikipenya kutoka nilimwona akiuza vibanio kwa watu ambao hata baiskeli hawana. Mimi nilikuwa upande wa vibanio, tena kwa moyo wote.

River Road hadi Spring Valley

Kupanda hadi Westlands nilikuwa na furaha, nikamweleza mama elimu yote ya mvuke na mbao. Mama alinisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo mzee ni mtu wa kanisa?" akauliza.

Nikasema sijui, mimi namjua kwa magari. Tulipozunguka raundabauti aliniambia, bila kupandisha sauti, kwamba anaumia. Alisema hataki gari liende, lakini mwenye kushika usukani ni mimi, na yeye hajui kubishana na mtu anayemwendesha. Nilimwambia vyumba viwili vitamsaidia yeye pia. Akasema chumba hakimpeleki mtu kanisani.

Ningependa kuwaambia kwamba nilihisi vibaya. Nilihisi vibaya kidogo, halafu nikawaza mawe yangu.

Spring Valley, ndani ya geti

Kule geti linafunguliwa baada ya maswali. Askari alitaka kujua kama tunaleta gari au tunakuja kuchukua takataka. Nikajibu kwa heshima, na nilifanya vyema, kwa sababu Mzee Wafula alikuwa amesimama nyuma yake tu. Alikuwa mtu mrefu, kofia ya mkeka, viatu vya raba. Alikwenda moja kwa moja nyuma, akaweka kiganja juu ya kifuniko cha injini, akatingisha kichwa kwa kuridhika.

"Iko na moto vizuri," akasema. "Zima."

Nikazima, nikashuka, nikampa ufunguo. Alimsalimia mama kwa kuinama dirishani, akamuuliza habari ya safari, akamwomba ruhusa ya kuketi mbele yake. Mama alimkubalia lakini hakushuka. Alisema magoti.

Mimi nilisimama ubavuni, maana siku nzima ilikuwa imefika hapo. Mzee Wafula alivua kofia. Alifunga macho, akaomba, maombi mazuri ya mtu aliyezoea, akamshukuru Mungu kwa wageni na kwa mikono iliyolitunza gari hili. Alisema amina, akageuza ufunguo, injini ikashika bila hata kukohoa. Nilitaka kuruka. Nilianza kumwonyesha vibanio.

Alizima tena ili ahakikishe. Akaomba tena, kwa kifupi. Likashika tena. Ndipo akazima, akashuka, akanipa ufunguo, akasema anataka kuona mwenye gari analiwasha vipi.

Niliketi, nikageuza. Zungu, zungu. Nikageuza tena. Kimya. Nikabonyeza mafuta, nikaachilia mafuta, nikashuka kuangalia vibanio, nikarudi, nikageuza. Kimya kabisa. Mzee Wafula alinigusa bega nikampisha, akaketi, akavua kofia, akaomba, na aliposema amina nikasikia kitu ambacho wapiga honi, kipaza sauti na mdomo wangu mwenyewe vilikuwa vimenizuia kusikia siku nzima. Chini ya kiti cha nyuma kulilia tak. Injini ikashika.

"Mama," nikasema, "kuna nini hapo chini?"

Mama aliinua ukingo wa kiti bila wasiwasi. Kando ya betri kulikuwa na swichi ya taa, zile za kahawia za ukutani, iliyofungwa kwa waya. Niliitambua. Ilikuwa ya jikoni letu la zamani.

"Si ni kata-auti ya baba yako," akasema.

Wenzangu, kila gari la Nairobi lina swichi ya siri ya kuzuia wezi, na kila mwenye gari anaificha mahali anapodhani hakuna mwingine aliyewahi kufikiria. Baba alificha yake chini ya mke wake. Mama alitueleza utaratibu akiwa ametulia kabisa. Nyumbani haifungwi, lango lipo. Lakini njiani, injini ikizimwa, yeye anaifunga papo hapo, na umeme haufiki kwenye koili hata ukizungusha mpaka kesho. Nyumbani anaomba yeye, njiani anaomba dereva. Dereva akisema amina, yeye anafungua. Hivyo mwizi akiingia, hata akimlazimisha mama kukaa ndani, hatajua la kufanya, kwa sababu mwizi hataomba.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia, miaka yote hii, makanisa yote hayo.

"Nilijua unajua," akasema. "Wewe ndiye kifungua mimba. Nikaona unageuza tu ufunguo bila kuomba. Nikasema ameacha kuomba tangu tumzike baba yake, na mtu mzima hawezi kulazimishwa. Wengine wakikuombea, nafungua. Nilikuwa nakungoja."

Mzee Wafula alicheka hadi akaketi kwenye ukingo wa maua. Halafu alisimama, akajipangusa, akasema analichukua, na swichi asiiondoe mtu. Mama alimtazama kwa muda mrefu. Macho yalikuwa yamemlowa.

"Mpe," akaniambia. "Huyu anaomba."

Hapo nilipata wivu ambao sijawahi kuupata hata kwa mwanamke. Nilikuwa nimekuja kuliuza, mnunuzi amekubali, mama amekubali, mawe yananingoja, na mimi peke yangu ndiye sikutaka tena. Nilimwambia Mzee Wafula anisamehe, siuzi. Sikumpa sababu kwa sababu sikuwa nayo ya kusema mbele ya watu. Yeye aliingiza mkono dirishani, akazima injini, akanirudishia ufunguo. Alisema tu kwamba geti liko wazi, kama nitaweza kulifikia.

Basi nikaketi, nikafunga macho. Aliyekaa muda mrefu bila kuomba kwa sauti anajua nilivyojikwaa. Niliombea barabara. Niliombea mama na magoti yake. Nilimkumbuka baba, sauti ikanikatika, nikakohoa kujifanya ni vumbi. Nikasema amina, nikasubiri ile tak. Hakuna.

"Na huyu mzee hujamwombea," mama akasema kutoka nyuma. "Tumemlia siku yake yote bure."

Nikamwombea Mzee Wafula, afya yake na magari yake yote, askari wake pia, akiwa amesimama dirishani na kofia kifuani. Nikasema amina. Tak.

Spring Valley hadi nyumbani

Njia ya kurudi ilikuwa fupi. Nilisimama mara moja, Kangemi, kununua sukuma na nyanya, nikazima kwa hiari yangu mbele ya watu. Maombi ya hapo mama aliyakataa, akasema nimeharakisha. Nikarudia kwa utaratibu, muuza nyanya akaitikia amina pamoja nasi, tukaondoka. Vibanio vyote bado viko kwenye bomba, msiniulize kwa nini.

Tulipofika nyumbani lango lilifungwa nyuma yetu, nikaliegesha mahali pake, karibu na rundo la mawe. Nilizima injini, nikashuka kumfungulia mama mlango. Kabla hajatoka nilisikia tak. Nikamwambia mama, tuko nyumbani, lango limefungwa, ulisema hapa haifungwi.

Mama alishika mkono wangu akateremka taratibu, akanyoosha gauni lake.

"Ile sheria ilikuwa ya wezi wa nje," akasema.